Amana ya Bwana Mansour

Asubuhi ile walinzi wa kiwanja cha jirani walihamisha hema lao. Mwanakheir aliwaona alipokuwa anapanda kutoka pwani, gunia la mwani kichwani, maji ya chumvi yakimchuruzika mgongoni. Walibeba masufuria, godoro na redio yao, wakaenda kulikita hema upande wa pili kabisa, kule unakotokea upepo wa kaskazi. Aliwasalimu, wakaitikia bila ya kumtazama usoni. Mtu anayehama huwa na sababu yake, lakini mwenye mwani wa kuanika hana nafasi ya kuchunguza sababu za watu, akapita.

Mawe ya mipaka yaliyopakwa rangi nyekundu yalitoka kwenye kiwanja hicho, yakapita nyuma ya jiko lake, yakaifungia nyumba yake ndani. Yaliwekwa mchana kweupe. Waliokuja kuyaweka walisema ni vipimo tu, bi mkubwa, usitie wasiwasi. Tangu siku ile Mwanakheir hakupata usingizi mzuri, na hakuwa na wa kumwambia kwa nini.

Alikuwa bado anaanika mwani alipousikia moto, kabla ya kuuona. Makuti makavu yakishika hulia, na ukishausikia mlio ule mara moja maishani huwezi kuusahau. Walinzi walikuwa wamewasha majani waliyoyafyeka, na kaskazi ikauchukua moto ikauleta moja kwa moja kwenye paa lake.

Ndani alikuwamo Bi Hija, mavyaa yake, mama wa mumewe, aliyepooza upande mmoja tangu mwaka wa jana. Mwanakheir alimteremsha kitandani pamoja na mkeka aliolalia, akamburura mpaka nje, akakata ua, akamfikisha kisimani.

"Nguo zangu, Mwanakheir."

"Utapata nyengine, mama. Kaa papa hapa."

Kisha akarudi ndani. Waliokuja mbio na ndoo walimpigia kelele asiingie. Hata baadaye Kidawa, jirani yake, alimuuliza zaidi ya mara moja: ulirudi kufuata nini, mwenzangu, ulikuwa na dhahabu?

Alirudi kufuata bunduki.

Zilikuwamo mbili katika nyumba ile. Ya kwanza ilikuwa ya mumewe, Mcha, aliyekuwa msasi. Ilikuwa bunduki kuukuu ya marisau, kitako chake kimefungwa waya, na kila mwaka alikwenda kuionyesha kituoni, wakaikagua na kumpa tena kibali chake. Kwa bunduki hiyo alilinda mihogo ya watu dhidi ya nguruwe na kima, na watu walimlipa kwa mihogo hiyo hiyo. Ilikaa chini ya kitanda.

Ya pili ilikuwa ndefu, nyeusi, ina darubini juu, na ilikaa darini ndani ya mfuko wake wa turubai. Hiyo ilikuwa ya Bwana Mansour, tajiri wa mjini mwenye nyumba ya wageni mtaa wa Malindi. Alikuwa akija na wageni wake kuwinda paa, Mcha akiwatangulia msituni. Siku alipoileta alisema, "Ikae kwako, Mcha. Mjini macho ni mengi. Amana hiyo." Mcha hakuuliza kibali chake kiko wapi. Bwana Mansour ndiye aliyeahidi kusema na wakubwa juu ya yale mawe mekundu, na mtu aliyekushikia nyumba yako huwezi kumuuliza maswali.

Kila anayeishi chini ya makuti ana mpango wake wa siku ya moto. Mcha alikuwa nao, na alimsomesha mkewe kama anavyosomeshwa mtoto juzuu. "Utatoa roho kwanza. Kisha amana ya watu. Kisha ndiyo chetu. Chetu kikiungua tutasema Mungu kapenda. Cha mtu kikiungua tutasema nini?"

Kwa hiyo alipofika chumbani, moshi umeshamziba kifua, kitako cha bunduki ya mumewe kilikuwa miguuni pake, kimechomoza uvunguni. Kuinama tu na kushika. Darini moto ulikuwa umeshaingia. Aliitazama ya chini, akajua kwamba hatarudi tena kuichukua, na roho ikamuuma, kwa sababu ile ndiyo iliyowalisha. Akakanyaga kitanda, akapandia juu, akauvuta mfuko wa turubai. Kipande cha boriti kikamwangukia mkono wa kushoto, kikaubandua ngozi kutoka kiwiko mpaka kiganja. Hakuuachia. Alitokea mlango wa nyuma, na paa likashuka nyuma yake.

Alasiri alikuja sheha na polisi wawili. Mkubwa wao alikuwa kijana, jina lake Ayoub, viatu vyake vinang'aa. Alisimama mbali na majivu.

"Bi mkubwa, nyumba hii ilikuwa na silaha iliyosajiliwa kwa jina la Mcha. Iko wapi?"

"Hiyo imeungua, mwanangu," alisema Mwanakheir. "Lakini ya watu nimeitoa."

Aliyasema kwa fahari. Mkono ulikuwa unamwaka, nyumba hana, mwani wake umekuwa makaa, lakini amana ilikuwa salama juu ya mkeka wa mavyaa yake, haikuungua hata uzi wa mfuko. Fahari ile ndiyo atakayoijutia kuliko kitu chochote.

Ayoub akafungua zipu. Alitazama ndani, kisha akamtazama sheha, na sheha akatazama baharini.

"Ya watu gani hii?"

Mwanakheir alifungua mdomo, na wakati huohuo akamwona Mcha anakuja na baiskeli yake, ametokea Mkokotoni, uso umemkauka kwa vumbi na khofu. Mcha aliuona moshi njiani. Sasa aliuona mfuko, akaelewa mambo yote kwa pamoja. Akamtikisia mkewe kichwa, kidogo tu.

"Afande, hiyo ni amana," alisema Mcha. "Mwenyewe atakuja kusema."

"Mwenyewe nani?"

"Atakuja. Mimi simtaji mtu mbele ya watu. Nipeni mpaka kesho."

"Mzee, bunduki hii ya kupigia wanyama wakubwa. Unguja tembo wako wapi?" Waliosimama na ndoo wakacheka, na Ayoub akafurahi kuchekewa. "Yenye kibali hamnayo. Mliyonayo haina kibali. Hesabu gani hii?"

"Yangu imo ndani ya majivu hayo. Chimbueni, mtaona mtutu wake. Namba imechongwa kwenye chuma, na chuma hakiungui."

Ayoub alisogeza ncha ya kiatu kwenye majivu, akahisi joto, akaurudisha mguu wake haraka.

"Hapa hamna kitu. Umeiuza, au umeikodisha kwa majambazi. Utatueleza huko mbele."

Walimtia pingu mbele ya mama yake. Bi Hija, pale kisimani, aliuliza kama Mcha ameshakula.

Usiku Kidawa aliwapa chumba. Asubuhi Mwanakheir alipiga simu kwa Bwana Mansour, ikaita mpaka ikakatika. Alipiga tena, ikawa haiiti kabisa. Alikwenda kituoni, akaambiwa kesi ni mbili: silaha isiyo na kibali, na kupotea kwa silaha yenye kibali. Aulete huo mtutu wenye namba, hiyo ya pili itafutwa. Ya kwanza, amlete mwenyewe. Yeye akaona bora aanze na mwenyewe, maana majivu hayana miguu. Hilo lilikuwa kosa lake la pili.

Alikwenda mjini na kanga za kuazima. Nyumba ya Bwana Mansour ilikuwa ndani ya vichochoro vya Malindi, karibu kabisa na gati, mlango wake una misumari ya shaba iliyosuguliwa. Aliwekwa barazani mpaka adhana ya adhuhuri ikapita, wageni wakiingia na kutoka na mabegi yao. Alipoitwa ndani, Bwana Mansour alikuwa amekaa, kikombe cha chai mkononi, kofia yake ya viua nyeupe safi. Alikuwa mtu mpole, tangu zamani. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, Mwanakheir. Karibu, kaa. Pole na mtihani. Mkono huo umeuonyesha hospitali?"

"Nshatiwa dawa. Bwana, nimekuja kwa ajili ya ile amana."

"Amana gani?"

Alidhani hakusikia. "Ile bunduki. Nimeitoa mimi mwenyewe, haikuguswa na moto. Mcha yuko ndani kwa ajili yake. Hajakutaja."

"Hajanitaja." Bwana Mansour alikoroga chai yake. "Mcha mtu mzima. Namjua."

"Ukenda ukasema neno moja tu, kuwa ni yako, watamwachia."

Bwana Mansour alikiweka kikombe chini. Kisha akasema taratibu, kwa huruma kabisa:

"Ungaliiacha, Mwanakheir. Ingaliungua pale pale, maneno yakaisha. Leo Mcha angekuwa kwake."

"Niache amana ya watu?"

"Nani alikwambia uingie motoni kwa ajili ya chuma?"

Mwanakheir aliona haya. Ndivyo ilivyokuwa: alikaa mbele ya mtu yule na mkono wake uliobanduka, akaona haya kama aliyevunja chombo cha mwenyeji, na alibakisha kidogo amwombe radhi.

"Mimi sina bunduki, mwanangu," alisema Bwana Mansour. "Sijapata kuwa nayo. Nikiulizwa nitaapa. Mwambie Mcha aseme kaiokota msituni."

"Akisema hivyo atafungwa, Bwana."

"Atafungwa kidogo. Akinitaja mimi, nani atakayewatazama nyinyi huku nje?" Akamwita mtumishi, akamwagiza amfungie mgeni mchele na sukari. "Na pale kiwanjani, msirudi kujenga kwa sasa. Wenye mradi watu wagumu. Nilikuwa nawazuia kwa sababu ya nyumba yenu, na nyumba sasa haipo. Hamdulillahi, walinzi waliniambia mlivyomtoa bibi yenu salama. Walisema umekuwa mwepesi sana."

Alipofika nje, mfuko wa mchele mkononi, wapagazi wa gatini wanampigia kelele apishe mikokoteni yao, ndipo neno lile lilipomrudia. Walinzi waliniambia. Simu yake yeye haikupokewa, lakini walinzi walipokewa. Aliliona tena lile hema linavyokunjwa, godoro na redio vinavyobebwa, na nyuso zilizoitikia salamu bila ya kumtazama. Hasira ilimpanda. Alitaka kurudi kuupiga mlango ule mpaka misumari ya shaba ing'oke. Ataupiga, halafu? Kwa nani atasema, na kwa ushahidi gani? Dua la kuku halimpati mwewe. Aliuacha mchele barazani kwa mtu, mlangoni kwa nani hajui, akaenda kutafuta gari ya kurudi.

Kilichobaki ni mtutu. Njia nzima aliuwaza. Akiupata, kesi moja itafutwa, na Mcha ataonekana si mtu wa kuuza silaha kwa majambazi. Ataazima koleo kwa Kidawa, atachekecha majivu yote kwa mikono ikibidi.

Hakukuwa na majivu. Alipofika, jua limeshaelekea magharibi, pale palipokuwa nyumba yake palikuwa mchanga mweupe uliosawazishwa, na alama za magurudumu ya trekta. Mafundi walikuwa wanavuta kamba za kupimia ukuta. Lile hema lilikuwa limerudi mahali pake pa zamani.

Alizunguka, macho chini, akitafuta zilikomwagwa taka. Akafika kwenye pembe, karibu na palipokuwa mlango wake wa nyuma, na hapo akauona. Mafundi walikosa kigingi, wakaokota chuma. Mtutu wa bunduki ya Mcha ulikuwa umekitwa mchangani, umepinda kidogo kwa moto, kamba ya njano imefungwa juu yake na kukazwa mpaka kwenye jiwe jekundu. Upande wenye namba ndio uliokuwa chini.

Alipiga magoti, akaushika kwa mkono wake mzima, akautikisa. Ulicheza.

"Bi mkubwa, hicho usiking'oe," mlinzi alisema. Alikuwa yule yule mwenye redio. "Fundi keshapima."

"Ni bunduki ya mume wangu. Polisi wanaitaka."

"Kilichomo ndani ya mawe ni cha kiwanja. Ukiking'oa nampigia simu afande sasa hivi, nimwambie mke wa mfungwa amekuja kuchukua silaha. Unataka?"

Aliutikisa tena. Kamba ikalegea, ikagusa mchanga. Ng'ambo ya ua, mlangoni kwa Kidawa, Bi Hija alikuwa ametolewa nje kupunga upepo, na alimsikia mkwewe.

"Mwanakheir? Umerudi, mwanangu? Mwenye amana keshakuja?"

Fundi alitembea kuja na nyundo yake, bila ya haraka. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia samahani, mama, sogeza mkono. Aliposubiri akaona hausogezwi, alimwondoa vidole kimoja kimoja kwenye chuma, akalenga, akaupiga mtutu ule mpaka ukazama, na kamba ikanyooka.