Vichupa Vinne vya Mkange

Masika ya mwaka wa hamsini na mbili yalikuwa mabaya. Mto Wami ulifurika ukafunga njia, na lori lililokuwa likileta dawa kutoka Bagamoyo likakwama ng'ambo ya pili. Kijijini Mkange kulikuwa na zahanati ndogo ya vyumba viwili, na mwenye zahanati alikuwa Kibwana, dresa, yaani tabibu mdogo wa vidonda na sindano, wa mwaka wa tisa kazini, mtu mpole ambaye watu walimpenda kwa sababu mkono wake wa sindano ulikuwa mwepesi.

Katika kabati lake vilibaki vichupa vichache vya penisilini. Dawa hiyo ilikuwa ngeni bado, na bwana mganga wa mjini alikuwa amemwambia kwa mkazo: hii ni ya kichomi, ya homa ya uzazi, ya vidonda vilivyooza. Si ya mafua.

Kibwana alilijua hilo vizuri. Bi Mwanaasha, jirani yake, alipokuja na kikohozi akitaka sindano, walikaa barazani wakabishana mpaka adhuhuri. "Bibi yangu, hayo ni mafua. Chemsha tangawizi, unywe, upumzike." Bibi akamwita bahili, wakacheka, akaenda zake kuchemsha tangawizi.

Lakini manamba, vibarua wa mkataba wa shamba la mkonge, hakuwafanyia hivyo. Walikuwa Waha wengi wao, watu wa Kigoma, waliotembea maili tano kutoka kambini, na Kiswahili chao kilikuwa cha kazi tu: kata, funga, beba. Neno walilolijua wote lilikuwa sindano, kwa kuwa huko kwao sindano iliwaponya vidonda vya buba, na tangu hapo hawakuamini tiba nyingine. Kibwana hakujua hata neno moja la Kiha. Mgonjwa akikohoa, alimchoma. Akilalamika kichwa, alimchoma. Mgonjwa aliondoka ameridhika, na Kibwana akapata nafasi ya kumwita mwingine. Hivyo ndivyo vichupa vilivyokuwa vikiisha kimoja kimoja.

Jumanne moja alikuja Bilago, mtu mzima wa kambini, mrefu, mwenye makovu ya mkonge mikononi. Huyu alikijua Kiswahili kuliko wenzake wote. Alikuwa na kikohozi na pua inayotiririka. Kibwana alimsikiliza kifua. Kilikuwa safi kabisa. Akamchoma hata hivyo, vichupa vikabaki vinne, akamwambia, "Rudi kesho, na kesho kutwa, mpaka siku tano."

Jumatano asubuhi Bilago akarudi kama alivyoagizwa. Alikuwa ameketi kwenye benchi, Kibwana anachemsha bomba la sindano juu ya stovu, waliposikia watu wanakuja mbio. Wanaume wanne walibeba kitanda cha kamba, na juu yake amelala mwanamke amefunikwa shuka. Mume wake alikuja nyuma amekumbatia kitoto kichanga, anasema maneno ambayo Kibwana hakuyaelewa.

Kibwana alimgusa yule mwanamke kwenye paji la uso, akautoa mkono haraka. Alikuwa anawaka.

"Anasema nini?" alimwuliza Bilago.

"Mke wake. Nyanzobe. Amezaa siku nne. Juzi homa imekuja."

"Muulize damu yake ikoje. Ina harufu?"

Bilago akainamisha kichwa. "Bwana Dresa, hilo mimi siwezi kumwuliza mke wa mtu."

Kibwana akamtuma mtu amwite Bi Mwanaasha. Bibi alifika na kanga yake mabegani. Kibwana akamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu," huku tayari amepiga magoti kando ya kitanda. Wakamwingiza mgonjwa chumba cha ndani, wakateremsha pazia. Bilago akasimama nje ya pazia, amegeuza mgongo, uso ukutani. Bibi aliuliza kutoka ndani. Bilago akalirusha swali kwa Kiha. Sauti dhaifu ikajibu. Naye akalirudisha jibu kwa Kiswahili, macho yake hayatoki ukutani. Hivyo heshima ya kila mtu ikasalia, na Kibwana akapata alichokitaka kukijua.

Ilikuwa homa ya uzazi. Vichupa vinne, siku nne. Vingetosha tu, kama angeanza sasa hivi na asimpe mtu mwingine hata tone.

Alisimama mbele ya kabati, mgongo kwa Bilago. Neno la kusema lilimjia lenyewe: dawa imekwisha. Nani angembishia? Watu wa kambini walikwisha kuzoea kuambiwa hivyo, hurudi zao kimya. Lakini yule mtu alikuwa ametoka kusimama ukutani kwa ajili yake. Kibwana aliona haya, haya ya kweli, inayopanda mpaka masikioni.

Akamgeukia. "Bilago, dawa iliyobaki ni hii tu. Nikikumalizia wewe, huyu mama atakufa."

"Na mimi nikikosa?"

"Hutakuwa na neno. Yako ni mafua. Yangepoa yenyewe."

Bilago akalitazama kabati. "Jana ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulinichoma?"

Kibwana alitamani kuwa na jibu zuri kuliko alilokuwa nalo. "Kwa sababu kukuchoma kulikuwa rahisi kuliko kuzungumza nawe," alisema. "Bi Mwanaasha hapa nilizungumza naye mpaka adhuhuri. Nyinyi niliwachoma tu. Nimekosa, ndugu yangu. Nisamehe."

Kibwana akafikiri sasa atatukanwa, na akaona atakuwa amestahili. Kisha Bilago akakohoa, akajifuta pua kwa kiganja.

"Mchome mama," alisema. "Mimi umenichoma, lakini leo umesema na mimi."

Nyanzobe akachomwa sindano ya kwanza. Shamba lilikuwa mbali mno kumrudisha na kumleta kila siku, basi alibaki palepale zahanati, na wanawake wa Mkange wakapokezana uji. Tatizo likawa mtoto. Mama hakuwa na maziwa, na kitoto kililia kwa sauti iliyokauka. Bi Mwanaasha alikwenda nyumbani akarudi na mjukuu wake Ashatu, aliyekuwa akinyonyesha mwanawe wa miezi mitatu. Ashatu hakuuliza mtoto ni wa kabila gani wala dini gani. Alikaa chini, akampakata, akampa ziwa.

"Haya," bibi akasema, "sasa huyu ni nduguye mwanao. Ziwa moja, hawaoani. Bilago, wafahamishe."

Bilago akawafahamisha. Baba wa mtoto alisikiliza, akaomba arudiwe, kisha akajifunika uso kwa mikono, akalia mbele za watu.

Siku ya pili homa haikushuka, na Kibwana hakula. Siku ya tatu, alfajiri, alipotoka kuswali alimkuta Nyanzobe ameketi, ameegemea ukuta, shuka limelowa jasho, anaomba maji. Siku ya nne mwili ulikuwa umepoa, hauna homa tena, na mume akamwambia Bilago amwambie dresa: kichupa cha mwisho kiwekwe, apate mwingine.

"Hapana," Kibwana akasema. Safari hii alikaa mkekani nao, akaeleza polepole, Bilago akifasiri kila neno. "Homa imelala, haijafa. Tukiacha njiani, itaamka na nguvu zaidi, na dawa hii haitaiweza tena. Ni kama magugu. Ukikata majani ukaacha mzizi, umefanya kazi bure." Wakulima wale waliielewa hiyo mara moja. Nyanzobe mwenyewe akageuka, akajiandaa kwa sindano.

Wakati huo kikohozi cha Bilago kilikuwa kimekwisha. Alikuwa akinywa tangawizi ya Bi Mwanaasha na kuinung'unikia kila siku.

Maji ya Wami yalipopungua, Nyanzobe alikuwa anatembea. Asubuhi ya kuondoka, Ashatu alimnyonyesha mtoto mara ya mwisho, akamfunga kitambaa kipya cha kanga. Waha walisimama uani, wakaanza kupiga makofi ya taratibu, miili imeinama kidogo, kama wanavyowaheshimu watu kwao. Walimpigia Ashatu, wakampigia bibi, kisha wakamgeukia dresa.

Kibwana hakuweza kulivumilia. Alimvuta Bilago pembeni. "Waambie wasinishukuru mimi. Mimi ndiye ninayepaswa kuwashukuru. Kwa lugha yenu husemaje ahsante?"

Bilago alimwambia. Kibwana akalijaribu mbele ya wote, akalikosea. Wakacheka. Akalirudia, akalikosea tena kwa namna nyingine, na Nyanzobe, mtoto mgongoni, akacheka mpaka akashika ubavu. Bilago akamsogelea, akalitamka neno lile kipande kwa kipande, taratibu, na Kibwana akalifuata, macho yake kinywani mwa mwalimu wake.