Maji ya Kwanza

"Leo sivigusi, mama," Jenifa alisema. "Fua mwenyewe."

Imakulata alikuwa ameshachutama uani, mabeseni mawili mbele yake: la bluu, la nguo za watu anazofua kila siku apate kula, na jeupe la enameli ambalo halikuwahi kuingia nguo ya mtu. Mapajani alikuwa na kifurushi cha vitambaa vya altare, vya kufutia kalisi, kikombe cha divai, na vya kutandikwa chini yake wakati wa misa. Kila Jumamosi kwa miaka saba walivifua wawili, yeye anasuuza, binti anakamua. Hata Jenifa alipokwenda chuo cha ualimu, akirudi likizo kazi ya kwanza kuikimbilia ilikuwa hiyo.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Una nini basi?"

Jenifa aliutazama ukuta wa jirani. "Si mlitufundisha wenyewe? Mwenye dhambi hagusi vya altare."

Mzazi hahitaji kuambiwa mara mbili. Kutapika alfajiri, ndimu zinazokwisha jikoni bila mchuzi kupikwa, kanga iliyofungwa juu ya gauni na joto la Tanga linachemsha ubongo. Yote Imakulata alikuwa ameyaona tangu juma lililopita na kuyaita malaria. Malaria ina dawa, na haina maneno ya watu.

"Miezi mingapi?"

"Miwili na siku."

"Ya nani?"

"Ya mtu wa chuo. Nilipomwambia akazima simu, hajaiwasha mpaka leo." Jenifa alishusha sauti, maana nyumba za mtaa wa Mabawa zina masikio. "Usihangaike, mama. Leo linakwisha. Saa nane kuna mtu ananingoja Usagara. Jioni nitarudi na malaria yangu, na kesho utakwenda kanisani na vitambaa vyako."

Alivitaja vitambaa kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma mama yake.

Kigango chao kilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote, na padre aliyekuja mara mbili kwa mwezi huenda hakuwahi kuisikia: mama ambaye binti yake amepata mimba kabla ya ndoa havigusi tena vitu vya altare. Kabla ya Imakulata, vitambaa vilikuwa vya Mama Kihiyo, miaka kumi na mmoja bila doa. Siku binti yake alipotapika katikati ya mazoezi ya kwaya, akina mama waliitana. Mwenyekiti wao, Mama Mhina, akauliza nani anaona ni haki Mama Kihiyo apumzishwe. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Imakulata, na Jumamosi iliyofuata beseni jeupe likawa kwake. Mimba ile haikusikika tena. Baada ya wiki mbili msichana alirudi kwenye kwaya amekonda, watu wakasema malaria, wakaimba. Mama yake hakurudishiwa kitu. Tangu hapo hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Kigango kizima kilijua, na Imakulata alijua kuliko wote. Hata hivyo kila mwaka, sikukuu ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode, ikifika, yeye ndiye aliyesimama mbele kusoma sala ya watoto wasiozaliwa, sauti ikimtetemeka kwa uchungu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Akaanza kufua, kwa kuwa mikono yake haikujua la kufanya jingine. Alimimina maji safi kwenye beseni jeupe, akavitumbukiza vitambaa kimoja kimoja, akavipapasa bila sabuni. Sista aliyemfundisha alimwambia maji haya ya kwanza yana sheria yake. Katika uzi wa kitambaa huenda imebaki chembe ya hostia, mkate wa komunyo, ndogo hata jicho lisiione, na chembe ile ni Bwana mzima. Kwa hiyo maji hayo hayaendi mtaroni. Humwagwa penye udongo safi, pasipokanyagwa na mguu wa mtu. Miaka yote Imakulata aliyamwaga chini ya mwasumini pale pembeni mwa ua, na jirani yake Bi Saleha, aliyekuja kuchuma maua ya kufungia vikuba vya kujipamba, alizoea kumtania kwamba asumini zile zimebatizwa, sasa nani atazisilimisha?

Shetani wa siku hiyo hakuja na pembe. Alikuja na adabu zake, akamwambia: wewe endelea kufua. Hukumtuma mtu, hukutoa ruhusa, hukuulizwa. Nyamaza tu mpaka saa nane. Imakulata alihisi moyo ukipoa, kisha akaona haya kwa kupoa kule, na katikati ya nafuu na haya akavitundika vitambaa kambani, akainua beseni, akageuka, akamwaga.

Maji yaliteleza juu ya saruji, yakaingia mtaroni.

Alisimama na beseni tupu. Miaka saba, na leo mkono umemgeuka. Halafu akapiga magoti pale pale, akachukua bakuli na kitambaa cha jikoni kilichokuwa safi, akaanza kuyafyonza maji kwenye sakafu ya mtaro na kuyakamulia bakulini. Yalitoka na mchanga na majani ya mwembe. Hakujali, akafyonza tena.

"Mama Jeni," Bi Saleha aliita juu ya ukuta, "umeangusha pete?"

"Ndiyo."

"Pole, mwenzangu. Utaipata, mtaro wenyewe mkavu." Kichwa kikatoweka.

Jenifa alikuwa amesogea. Ameshavaa viatu vya kutokea, mkoba begani. "Unatafuta nini humo? Hamna kitu."

"Hujui kama hamna."

"Na wewe hujui kama kipo."

"Sijui," Imakulata alisema. "Kwa hiyo nachota."

Jenifa alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio katikati. Alisema kwa kunong'ona, na kwa kunong'ona yalikuwa makali zaidi. "Chembe usiyoiona unaipigia magoti mtaroni. Mimi unaniona. Binti wa Mama Kihiyo mlimwona. Mbona hamkumpigia magoti yeye? Mlimpokonya mama yake beseni, mkamwachia njia moja tu. Leo ndiyo njia yangu, na wewe ulisaidia kuifyeka."

Goti lilimuuma Imakulata. Aliliweka bakuli ukingoni mwa mtaro, limejaa nusu.

"Kweli," alisema. "Mkono wangu ulikuwa wa kwanza."

Jenifa hakutarajia jibu hilo. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Sasa nisikilize, usije ukasema sikukwambia. Mimi nataka umzae. Naogopa Usagara, wapo waliokwenda kwa miguu wakarudi wamebebwa. Lakini hata ningejua utarudi mzima, ningetaka umzae. Ni mtu, Jeni, hata kama hatujamwona. Nitakaa naye, wewe utarudi chuo."

"Na wakinicheka?"

"Watatucheka wawili."

"Na hivi?" Jenifa alionyesha vitambaa.

Imakulata alivikusanya vikiwa vimelowa, havijapigwa pasi, havijaona hata sabuni, akavirudisha ndani ya beseni jeupe. "Hivi navirudisha kabla hawajavijia. Mwenye kwenda Usagara aende kwa lake. Asiende kwa ajili ya vitambaa vyangu."

"Utanitangaza, mama?"

"Nitajitangaza mimi."

Hakumfungia mlango. Alitaka kumfungia, Mungu anajua. Funguo zilikuwa kifundoni mwa kanga yake, na njia nzima ya kwenda kwa Mama Mhina zilimgonga kiunoni.

Mama Mhina hakuwapo nyumbani. Alikuwa kanisani akipanga maua, alisema mjukuu wake, akamkaribisha mgeni akae. Imakulata alikaa barazani, beseni mapajani, maji yakimlowesha gauni. Saa saba ikapita. Kila pikipiki iliyopita barabarani aliitazama nyuma yake kama kuna mkoba anaoujua. Kumkuta Jenifa angemkuta, lakini akiinuka sasa angerudi na vitambaa, na akirudi navyo asingetoka navyo tena. Akajua hivyo, akabaki.

"Tumsifu Yesu Kristo," Mama Mhina alisema, akipanda ngazi.

"Milele amina. Nimeleta vitambaa."

"Vibichi?"

"Jenifa ana mimba. Nimekuja kabla hamjaniita."

Mama Mhina alikaa taratibu kwenye kiti cha pili. Alikuwa mtu mzima, mnene, aliyezoea kuletewa na watu habari za watu wengine. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Ungenyamaza basi, Mama Jeni. Nani alikuuliza?"

"Hata yeye alitaka ninyamaze. Binti wa Mama Kihiyo alinyamaziwa, na wewe unajua alikwenda wapi. Mtoto aliyembeba angekuwa darasa la kwanza sasa."

Mama Mhina aliangalia mikono yake. Imakulata akaona jambo ambalo hakulitegemea: kidevu cha mwenyekiti kinacheza.

"Kesho misa," Mama Mhina alisema hatimaye. "Nani atavimalizia?"

"Vipeleke kwa mwenyewe. Mama Kihiyo hajasahau." Aliliweka beseni sakafuni katikati yao. "Mwambie maji ya kwanza nimeyamwaga vibaya. Yeye ataelewa."

"Na binti yuko wapi?"

"Nimemwacha na viatu miguuni."

Alirudi nusu anatembea, nusu anakimbia, na umri wake haukumtaka akimbie. Saa nane ilikuwa imeshapita. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Kizingitini hapakuwa na viatu. Aliita, "Jeni," mara moja, kwa sauti ya kawaida, kwa kuogopa kuita mara ya pili. Chumbani kitanda kilitandikwa. Mkoba haukuwapo msumarini. Akapita jikoni akatokea uani, walau ayamwage yale maji ya bakuli panapostahili.

Bakuli halikuwapo ukingoni mwa mtaro.

Jenifa alikuwa ameinama kwenye mwasumini, viatu miguuni, mkoba begani, akimimina maji shinani kidogo kidogo, yaende chini yasikimbie. Ndani ya mkoba simu iliita, wa Usagara bila shaka, mpaka ikakata, ikaita tena.

"Yana mchanga," Jenifa alisema bila kugeuka. "Sikujua kama bado yanafaa."

"Yanafaa," Imakulata alisema.

Simu ikaanza mara ya tatu. Jenifa alilifudikiza bakuli juu ya udongo, akalishika hivyo hivyo kwa mikono miwili, akingoja tone la mwisho lianguke.