Uso wa Mama Ukutani Stirling

Mtihani wenyewe haukuwepo. Nilimwambia baba yangu kwenye simu, siku ya Alhamisi, kwamba Jumatatu nina mtihani wa kemia na nisipokesha na vitabu wikiendi yote nitafeli. Alikuwa amepiga kwa furaha. Jumamosi kutakuwa na jua, alisema, na kifua chake kimekuwa chepesi tangu juzi. Je, twende Stirling?

"Soma, Ishbel," akajibu. "Ukuta haukimbii."

Baba, Lachlan Geddes, alikuwa mchonga mawe hadi vumbi lilipomjaa mapafuni, akaacha kazi na kubaki peke yake nyumbani kwetu Montrose. Ujanani alikuwa miongoni mwa mafundi waliokarabati nyumba moja ya kale kwenye mteremko wa kupandia ngome ya Stirling. Juu ya dirisha mojawapo kulikuwa na jiwe lililoliwa na mvua hata halina sura, na msimamizi akamwambia achonge uso wowote. Akachonga uso wa mchumba wake, ambaye ndiye mama yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka mitatu. Nilikuwa nimefika ishirini na sijaliona jiwe hilo, kwa kuwa baba alitaka anionyeshe mwenyewe, na kila mwaka kifua kilimkatalia.

Sasa Jumamosi hiyohiyo, mimi na wenzangu wawili wa chuoni Glasgow, Jonet na Struan, tulikuwa tumeshapanga kwenda Stirling kutembea, tulale huko usiku mmoja. Struan nilikuwa nimempenda, ingawa sijamwambia. Ningeweza kumwambia baba aje tukutane kulekule. Lakini nilimfikiria akisimama kila hatua kumi, akikohoa na kutema kwenye leso mbele ya Struan, nikaona haya. Nilimwonea haya baba yangu mzazi. Nikajidanganya na mimi pia: nitapanda ngomeni tu, ile nyumba nitaipita nimeinamisha macho, na uso wa mama utabaki wa baba kunionyesha.

Tulifika asubuhi, jua kweli likiwaka. Ngomeni Struan alitusimulia vita vyote vilivyopiganwa chini kule, akinyoosha kidole huku na huku juu ya mto.

"Profesa, pumzika," Jonet akamwambia. "Hata mlinzi anapiga miayo."

Nilicheka nao. Tulipoanza kushuka nikakaza macho kwenye mawe ya barabara.

"Umeangusha nini?" Jonet akauliza. "Unatembea kama kuku anayetafuta punje."

Kabla sijajibu, mzee mmoja aliyekuwa anafagia kizingiti cha nyumba ile akaacha ufagio. "We binti! Hebu inua uso."

Nikauinua bila kufikiri.

"Mama yangu we!" akasema. "Wewe ni wa Lachlan Geddes."

"Umenijuaje?"

"Nilichonga mawe naye. Mimi Dougal Petrie. Tangu siku hizo napita chini ya uso wako kila asubuhi, nikose kukujua?" Akaelekeza ufagio juu, na macho yangu yakafuata.

Mama alikuwa anacheka. Jino moja lilipanda kidogo juu ya lingine, kama langu. Kuvu ya kijani ilikuwa imemshika kidevuni. Nilitaka kutazama pembeni nisiweze.

Dougal alikuwa ameshatoa simu, ameiweka kwa sauti kubwa. "Lachi! Huwezi kuamini niko na nani. Binti yako yuko hapa mlangoni kwangu na wenzake, anamtazama mama yake!"

Nilisikia pumzi za baba, zile zenye mluzi ndani yake.

"Najua, Dougal," akasema hatimaye. "Mimi ndiye niliyemwambia aende. Kifua changu hakikunipa ruhusa."

"Basi una binti mwema!"

"Ninaye. Mpe simu."

Nikaipokea. "Baba."

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Haya. Vaa koti, upepo wa huko mbaya." Akakata.

Struan alinigeukia ameguswa. "Kumbe ulitumwa na baba yako! Mbona hukutuambia?"

Niliwaaga, nikachukua mkoba wangu na kupanda treni ya Montrose.

Nilimkuta jikoni anakatia karoti kwenye supu ya shayiri. Viatu vyake vizuri vilikuwa kando ya mlango, vimeng'arishwa. Hakugeuka.

"Mtihani umeahirishwa?"

"Haukuwepo, baba."

"Mtu mwenye mtihani hafiki Stirling. Hilo nimeshalielewa."

"Kwa nini ulimdanganya Dougal?"

"Nimwambie nini? Kwamba mwanangu amekwenda kumwona mama yake, mimi hanitaki?"

Nikaona nikificha tena nitazoea. Nikamwambia kila kitu: Struan, kikohozi, leso. Kisu kilisimama juu ya ubao. Niliona masikio yake yakipata wekundu.

"Hilo ungeweza kulificha," akasema.

"Ndiyo."

"Bora ungelificha."

Alinipakulia supu, akaweka mkate mbele yangu, akaketi upande wa pili. Tulikula. Nilipoanza kulia alisukuma chumvi upande wangu, kana kwamba ndiyo niliyokuwa naitaka.

Aprili tulikwenda pamoja. Alipanda ule mteremko kwa karibu saa nzima, akishika kuta, akikohoa, watu wakitupisha. Nilimshika mkono na sikujali nani anatazama. Chini ya dirisha tulisimama muda mrefu. Alitazama jiwe, akanitazama mimi, akafuta mdomo.

"Baba, ulitaka kuniambia nini hapa?"

"Nilikuwa na maneno," akasema taratibu. "Niliyapanga miaka mingi. Lakini yalikuwa ya mtu ambaye hajauona."

Nilimsihi ayaseme hata hivyo. Akatikisa kichwa, bila hasira, akaniomba tushuke kabla mvua haijaanza.