Mchakato Unaendelea

Nguzo za umeme zilifika kwa jirani zikagoma kusogea kwa Bundala. Kila alipokwenda ofisi ya umeme aliambiwa neno lile lile: mchakato unaendelea. Hata Felisita, mkewe, alizikwa mchakato ukiendelea. Ndipo Bundala akampa dume lake jeusi la ng'ombe jina la Mchakato. Dume la pili, jekundu na vivu, akaliita Ahadi.

Hao ndio waliobaki zizini. Wengine aliwauza akanunua, kwa wauza vyuma chakavu wa Bariadi, gia ya kiwanda cha pamba alichofanyia kazi baba yake. Wakulima walikijenga wenyewe, kila mmoja akikatwa kidogo kwenye pamba yake. Wakakikabidhi kwa wakubwa, wakubwa wakakila mpaka mabati. Sasa fundi Luhende alikuwa ameifunga gia ile kwenye kinu cha kukamua alizeti. Kisipokamua, na hawa wawili wanakwenda mnadani.

Uani watu walijaa. Sylvester wa ofisini naye akashuka kwenye pikipiki.

"Mwangaluka, baba. Kiwanda bila umeme? Si ungemsubiri mwekezaji, yuko njiani."

"Mwangaluka. Huyo yuko njiani tangu nina meno yote."

Watu wakaangua kicheko. Bundala akawafunga madume kwenye boriti ya kuzungusha kinu, akapiga mluzi. Mchakato akavuta, Ahadi, upande wa nje, akabaki nyuma. Boriti ikapinda, gia ikalia kwee! ikakwama.

"Kimekufa kama cha baba yako!" akapayuka mtu.

Bundala aliizunguka boriti. Kisha akaona. Alikuwa amewafunga kama anakwenda kulima, kila dume upande wake wa siku zote. Lakini shambani wanakwenda moja kwa moja. Hapa ni duara, na wa nje ndiye mwenye safari ndefu.

"Wabadilisheni. Ahadi aingie ndani."

"Mzee, ng'ombe habadilishwi upande!" Luhende akashtuka. "Amezoea huo tangu ndama."

"Hata mimi silali tena upande wangu. Nalala wa Felisita. Nimezoea."

Wakawabadilisha. Ahadi akapiga teke, akazunguka, akatulia. Mluzi. Mchakato akatupa mguu, gia ya baba ikauma, mbegu zikalia, na mafuta ya dhahabu yakaanza kuchuruzika ndooni. Vigelegele vikapasua ua; akina mama wakakimbilia madumu.

Sylvester akachungulia ndoo. "Kumbe kinakwenda?"

Bundala akampiga dume jeusi kofi la mapenzi mgongoni.

"Kaandike huko ofisini, bwana. Mchakato unaendelea."