Kitanda cha Mwanasesere

Wewe unayenisikiliza, umewahi kukiona kitu cha chumbani kwako kimefungiwa ndani ya kioo, watu wanakipiga picha? Mimi nimekiona. Nitakueleza taratibu, maana nikiyakimbiza mambo haya yatanikwama kooni.

Mjukuu wetu tunamwita Kasuku, kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kutambaa. Alipata kazi ya kuwatembeza wageni katika majumba ya makumbusho ya hapa mjini, na tangu siku hiyo hakutuacha tupumue. "Bibi, mtakufa hamuijui nchi yenu!" Nchi yetu ni visiwa, nasi wawili tumezaliwa kwenye kile kidogo kuliko vyote, ambacho sasa hakina mtu. Mimi nilikubali palepale. Babu yake, mume wangu, seremala ambaye watu wote humwita Randa, alikuwa ameyakwepa majumba hayo miaka yote. Safari hii Kasuku akamshika mkono, kwa utani wa mjukuu na babu. "Mume wangu, usipotoka na mimi Jumamosi, natafuta mwingine." Mzee akacheka, akaomba viatu vyake.

Tulianza na jumba la bahari. Mna mifupa ya nyangumi iliyoning'inizwa kwa waya, na ramani kuukuu ambamo kisiwa chetu ni tone la wino tu. Mzee hakutazama mifupa. Alitazama mlango.

"Bawaba nzima skrubu mbili," akasema. "Huu utamwangukia mtoto wa watu."

"Babu, umeletwa uone nyangumi, si bawaba!"

"Nyangumi kashakufa, mama. Mlango ndio bado unaweza kuua."

Tulicheka mpaka mlinzi akatugeukia.

Jumba la pili ni la maisha ya visiwani. Pale kwenye ngazi nilimwona mzee anapunguza hatua, nikajua kwa nini. Miaka arobaini na mmoja iliyopita visima vya kisiwa chetu viligeuka chumvi, tukahamishwa sote kwa siku moja, kila nyumba mizigo minne. Watu wa makumbusho walikuja na daftari lao, wakaomba kila nyumba itoe kitu kimoja cha ukumbusho. Jirani wa kulia alitoa mtungi, wa kushoto akatoa kigoda kilichovunjika mguu, akajisifu kwamba amewapiga chenga. Mimi sikuwepo. Nilikuwa makaburini namuaga mtoto wetu wa kwanza, aliyeishi siku kumi na tisa. Niliporudi, kitanda chake hakipo. Mume wangu alikuwa amekitoa bila kuniuliza.

Sikusema kitu. Yeye naye hakusema. Tulijaliwa wengine wanne, tukawalea, tukawaoza, na yule wa kwanza hakutajwa nyumbani mwetu hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa na ombi moja tu moyoni, kwamba kabla hatujafa, baba yake amtaje.

Basi tukaingia chumba cha tatu, Kasuku mbele na wageni kama kumi, sisi nyuma. Akasimama kando ya kioo, akatoa ile sauti yake ya kazini.

"Na hiki ni kitanda cha mwanasesere. Watu wa kisiwa kidogo walikuwa fukara, lakini waliwadekeza watoto wao mpaka wanasesere wakachongewa vitanda!"

Wageni wakacheka, kicheko cha wema. Mama mmoja akasema, "Jamani, kizuri!" akainua simu yake.

Kidogo kweli. Mtoto alikuja kabla ya miezi yake, kiganja chake hakikuuzidi ukucha wa dole gumba la baba yake. Mzee alikitengeneza kwa siku mbili, bila msumari hata mmoja, kila kiungo ulimi wa mti ndani ya tundu, kwa kuwa msumari hushika kutu na kutu huchana ngozi. Kingo zote alizipiga msasa mpaka zikawa kama sabuni iliyotumika. Ubavu mmoja aliushusha kuliko mwingine, ili nipitishe mkono nikiwa nimelala. Mwanasesere hahitaji hayo.

Wageni waliposogea mbele, nilimvuta Kasuku kiwiko. "Nani kakwambia ni cha mwanasesere?"

"Si kimeandikwa, Bibi? Tazama udogo wake. Mtoto gani atalala humo?"

Nikamtafuta mzee. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, yeye ambaye magoti yake hubembelezwa ndipo yakunjike.

"Babu, inuka, watu wanatazama."

"Nimekitengeneza mimi," mzee akasema. "Alilala humo mjomba wako."

"Mjomba yupi? Wajomba zangu wote ni mapande ya watu!"

Kasuku alimtazama babu yake, akanitazama mimi, akaisoma upya ile karatasi ya maelezo kwenye kioo, na mdomo wake usiojua kufungwa ukafungwa. Nikashuka sakafuni, polepole, nikakaa karibu na mume wangu. Vigae vilikuwa baridi.

"Ulikigawa bila kuniuliza," nikasema. Miaka arobaini na mmoja nimeibeba sentensi hiyo, ikatoka ndogo kama kikohozi.

Kidole chake kilikuwa kinafuata ukingo wa kioo, kama anapima.

"Asubuhi ile nilikufuata na jembe," akasema. "Nikafika mpaka kwenye ukuta wa makaburi. Nikakuona umekaa pale, umelaza kitambaa juu ya udongo, nikarudi. Sikuweza kukibeba kitanda kitupu, wala sikuweza kukiacha kinyeshewe."

"Ulikuja na jembe la nini?"

"Nilitaka tumfukue, mama watoto. Nilitaka avuke na sisi."