Vitufe vya Kioo

Fundi alifika kwenye kiwanda cha kufulia saa mbili asubuhi, amechoka kabla hata hajaanza. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo kuitwa kwa ajili ya kioo kilekile cha kubonyezea cha mashine namba nne, na mara mbili za kwanza alikuta hakuna kilichoharibika. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, goti lake la kulia bovu, na begi la vifaa lilikuwa limemvuta bega miaka mingi hata akawa anatembea upande upande.

Meneja alimpokea mlangoni bila kumkaribisha ndani.

"Leo nataka jibu moja tu," alisema. "Kioo kibovu au kizima? Ukisema kizima, nina mtu wa kumsimamisha kazi."

Mtu mwenyewe aliitwa Mama Pacha, mfuaji wa mwaka wa kumi na tisa pale. Wiki iliyopita alikusudia kusuuza mzigo, akabonyeza dawa ya kung'arisha. Mashuka ya kijani ya chumba cha upasuaji, mia mbili na ushei, yakatoka na mabaka meupe, na hospitali ikayarudisha yote. Yeye aliapa kwamba kioo ndicho kilichomponza.

Fundi aliingia chumba cha mashine. Mvuke ulikuwa mzito kiasi kwamba waliokuwa upande wa pili walionekana miguu tu. Ndiyo sababu mashine zile ziliwekewa kioo cha namna ya pekee. Vitufe vya kawaida vilikuwa vinaingia maji na kufa, na kioo kitupu hakisomeki kwenye ukungu. Basi kampuni ya akina Fundi ikaleta kioo ambacho kidole kinakihisi hata jicho lisipoona. Chini ya uso wake kuna utando mwembamba wa umeme. Umeme ukipanda na kushuka mara mia kadhaa kwa sekunde, huivuta ngozi na kuiachia, kama nguo ya nailoni inavyomng'ang'ania mtu siku ya ukavu. Mtu akipitisha kidole, kioo laini humjia kama kina mikwaruzo. Mikwaruzo ya kulala ni kusuuza. Chembechembe kama za mchanga ni dawa ya kung'arisha.

Fundi aliyajua hayo kuliko mtu yeyote mle ndani. Miaka sita alikuwa miongoni mwa waliokitengeneza kioo hicho, kabla goti na mabosi wapya hawajamtupa upande wa matengenezo.

Alifuta kioo kwa kitambaa kikavu, akapitisha kidole. Mikwaruzo ilikuwepo. Chembechembe zilikuwepo. Akafunga waya za kipimo, na namba zote zikasimama pale zilipotakiwa.

"Mama, njoo ujaribu," alimwita Mama Pacha. "Usibonyeze kwanza. Pitisha tu kidole. Unahisi nini?"

"Kioo."

"Na hapa?"

"Kioo."

"Hapa je?"

"Dada yangu," Mama Pacha akasema, "hata ukinizungusha mpaka jioni, kioo ni kioo." Wenzake wakacheka ndani ya mvuke. Yeye mwenyewe hakucheka.

Fundi alitoka nje kumpigia simu mkuu wa karakana.

"Vipimo vinasemaje?" mkuu aliuliza.

"Vizuri. Lakini mama hahisi kitu."

"Basi andika kizima, uje. Wengine wanakusubiri. Sisi tunatengeneza vioo, hatutengenezi vidole vya watu."

Fomu ilikuwa na visanduku viwili: KIZIMA na KIBOVU. Mara mbili alikwishatia alama kwenye cha kwanza. Alikaa juu ya kapu lililopinduliwa, kalamu mkononi, akatazama kile kisanduku. Hakuwa na ushujaa wowote asubuhi ile. Alichokuwa nacho ni uchovu wa kuwaza kwamba angeitwa mara ya nne, na picha ya yule mama akikaza macho kutafuta kitu asichokihisi. Akakunja fomu, akarudi ndani.

"Nipeni aproni," alisema.

"Ya nini?" akauliza Mama Pacha.

"Nifue."

Wakadhani anatania. Lakini alivua saa, akapanga mstari nao. Walimpa kazi ya kuloweka na kuchambua, mikono ndani ya beseni la sabuni kali hadi kwenye viwiko, kisha kuvuta mashuka mazito kutoka kwenye mashine na kuyatupa kwenye toroli. Hakuna aliyempendelea. Alipochelewa, mwanamke wa nyuma yake alimwambia, "Fundi, hapa hatupigi picha." Kufika saa tano goti lilikuwa linawaka moto. Kufika saa saba ncha za vidole vyake zilikuwa zimekunjamana, zimevimba na kuwa nyeupe, na kwenye kidole cha shahada ngozi ilikuwa imeanza kuchanika.

Akaenda kwenye mashine namba nne, akapitisha kidole.

Kioo.

Akafuta mkono kwenye aproni kama wafanyavyo wote, akarudia. Kwa mbali, labda, kulikuwa na kitu; au alikuwa anajidanganya kwa sababu alijua kiko wapi. Akavaa glavu, hapo ndipo hakukuwa na hata dalili. Maji juu ya kioo yalikuwa yanaupoteza umeme kabla haujaifikia ngozi, na kwenye mikono iliyopigwa na sabuni miaka kumi na tisa, ngozi yenyewe ilikuwa imekuwa nene na sugu kama kisigino. Tena huyu mama, kama mtu yeyote mwenye haraka, alikuwa anatua kidole na kubonyeza. Kidole kilichotulia hakihisi chochote kwenye kioo kile, lazima kiteleze. Hilo hakuna aliyewahi kumwambia.

Ndipo Fundi alipokumbuka majaribio ya kile kioo. Chumba chenye kiyoyozi, vijana wa ofisini wamekaa mstari, na kabla ya kila jaribio kila mmoja alipewa karatasi laini afute vidole. Aliyekuwa akigawa zile karatasi alikuwa yeye.

Roho ilimsuta. Akamwendea Mama Pacha aliyekuwa anakunja mashuka.

"Mama, tulipojaribu kile kioo, tulikuwa tunawafuta watu vidole kwanza."

Mama Pacha aliendelea kukunja. "Watu gani?"

"Wa ofisini."

"Mngeniita hata mimi. Siku moja tu, ningekuja."

"Tulipaswa kukuita."

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu asiye na nguvu za kukasirika. "Shika upande huo, tumalize hili."

Wakamaliza lile, na jingine, kisha Fundi akaenda kwa meneja.

"Kizima au kibovu?" meneja aliuliza.

"Kizima. Na mama hana kosa."

"Haiwezekani yote mawili."

"Njoo uloweke mikono yako kwa muda wa saa mbili tu, halafu unionyeshe dawa iko wapi."

Meneja alitazama vidole vya Fundi vilivyochanika. Fundi hakutia alama kwenye kisanduku chochote. Aliandika kukatiza fomu nzima: kioo kinafanya kazi, lakini hakifanyi kazi kwa mikono ya wafuaji; mtumiaji asilaumiwe; viwekwe vitufe vya kubonyeza. Akatia sahihi.

Nyumbani dada yake mkubwa, aliyeishi naye tangu wote wawili wafiwe na waume, alimshika mikono akaigeuza chini ya taa.

"Mdogo wangu, umefua za nani hizi?"

"Za watu."

"Na za humu ndani zinakungoja tangu Jumapili." Lakini alileta mafuta, akampaka kidole kimoja kimoja bila kuuliza tena. Fundi alisinzia kabla dada hajafika mkono wa pili.

Mkuu wa karakana aligomba siku mbili nzima. Akasema maneno ya mteja asiyejua kutumia kitu, ya sifa ya kampuni, ya watu wanaozeeka kazini. Siku ya tatu meneja wa kiwanda mwenyewe alimpigia simu kuagiza vitufe, na ugomvi ukaishia hapo, ingawa Fundi hakuombwa radhi na jina lake liliondolewa kwenye orodha ya waliokuwa wapandishwe cheo. Mama Pacha hakusimamishwa. Barua yake ya onyo, hata hivyo, ilibaki kwenye faili. Meneja alisema hajui utaratibu wa kuitoa.

Wiki mbili baadaye Fundi alikwenda kuvifunga vitufe hivyo: vinene, vya mpira, vya namna ya zamani. Maji yangeviua ndani ya mwaka, alilijua hilo, na angeitwa tena kuja kuvibadili. Mama Pacha alikuja akabonyeza kusuuza bila kutazama, huku akiendelea kubishana na mwenzake kuhusu zamu ya Jumamosi. Mashine ikaanza kujaa maji. Fundi alisubiri mpaka ikazunguka vizuri, akakusanya bisibisi zake, akaangalia anwani ya kazi inayofuata. Ilikuwa ghorofa ya tano, na lifti yake haikuwa ikifanya kazi.