Lebo za Mama Mkwe

Ukimkuta kazini mpaka rangi huyu wa magari, utamvulia kofia. Anakupakia mlango mmoja wa gari lililogongwa, unautazama juani, na hujui upi mpya upi wa zamani. Lakini huyo huyo, ukifungua tumbo la ndege yake ya rimoti, utadhani panya wamezaa humo. Nyaya juu ya nyaya, nyingine zimefungwa kwa uzi wa mfuko wa unga. Wenzake wanaorusha ndege uwanjani kila Jumamosi walimbatiza jina la Pweza, na jina likamganda.

Ndege mbili zilikwisha kuanguka, zote kwa sababu ya nyaya. Ya tatu ndiyo aliyoipenda kuliko zote: mabawa marefu kuliko meza ya kulia chakula, na mkia wa mapezi mawili yaliyotanuka kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Nyaya zake zilikuwa saba, na zote nyeusi, kwa kuwa bwana huyu alikuwa amenunua bunda moja akaona amefanya la maana.

Basi katika nyumba hiyo alikuwa akiishi pia mama mkwe wake, nesi mstaafu aliyetumika wodini miaka thelathini na mmoja. Alihamia kwao mwanzo wa mwaka. Mwezi wa tatu alisahau sufuria jikoni, maharage yakaungua, nyumba ikajaa moshi. Bintiye hakumgombeza hata kidogo. Alianza tu kuamka mapema zaidi, ili mama akitoka chumbani akute kila kitu kimeshapikwa. Ulikuwa wema, lakini wema mwingine unachoma kuliko matusi. Toka siku hiyo mama akawa mtu wa kuomba ruhusa: "Nizime taa hii?" "Chumvi nimeshatia, au bado?" Siku moja Pweza, akipita ukumbini, alimsikia akimwambia bintiye kwa sauti ya chini, "Kichwa kinanihama, mwanangu. Mimi mwenyewe najiona." Pweza alirudi nyuma hatua tatu ili asionekane, na maneno yale yakamkaa kifuani wiki nzima.

Alhamisi jioni mama alisimama kwenye mlango wa stoo, ambako Pweza alikuwa ameinama juu ya ndege yake.

"Baba, huyu mgonjwa wako akizidiwa ghafla, utajuaje mrija upi ni wa nini?"

"Nina kumbukumbu, mama. Zote ziko kichwani."

"Kichwani!" Mama akaguna. "Nesi aliyenijibu hivyo nilimtoa kwa wagonjwa, nikampeleka akahesabu mashuka. Naomba plasta nyeupe na kalamu isiyofutika."

Hakuwa ameuliza kama inafaa. Pweza aliliona hilo, akafurahi kimoyomoyo, akampa.

Ijumaa aliporudi kutoka gereji alisimama kinywa wazi. Kila waya ulikuwa na kibendera cha plasta kilichokunjwa sawasawa, kimeandikwa kwa mwandiko mnyoofu wa wodini: BAWA KULIA, BAWA KUSHOTO, MOTA, MKIA KULIA, MKIA KUSHOTO, na vinginevyo. Nyaya zilikuwa zimelazwa pamoja na kufungwa kila baada ya upana wa vidole vinne. Mama alikuwa kwenye kiti, miwani puani, ametulia kama mtu aliyemaliza zamu salama.

"Kila waya una lebo huku na huku," alisema. "Lebo ya upande mmoja ni nusu ya kazi. Nilivuta kidogo nyuma, nikatazama upi unatikisika mbele. Kifuniko cha mkiani nimeshakirudisha."

"Mama, ahsante. Hii ni kazi ya kiwandani."

Alimaanisha. Hata hivyo, mama alipokwenda kuoga, shetani wa ujuzi akamnong'oneza. Meza ile iliegemea ukuta, na pua ya ndege ilikuwa ikitazama kiti alichokalia mama. Mtu akitazamana na ndege, kulia kwake ni kushoto kwa ndege. Mama wa watu atayajuaje hayo? Nyaya za mabawa Pweza aliziona zinakotokea, nazo zilikuwa sawa. Zile mbili za mkia hazionekani, zinapita katika bomba la mwili. Akaamua kwamba hapo bila shaka mama alichanganya.

Angeweza kufungua kifuniko cha nyuma na kuhakikisha, kazi ya dakika mbili. Angeweza kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Lakini mkwe wako umwambie amekosea, mkwe mwenyewe ndiye huyu aliyeanza juzi tu kujiamini? Kwa heshima, au kwa kile alichokiita heshima, alichomoa nyaya mbili za mkia kwenye kipokezi, kile kinachopokea amri za rimoti, akazibadilisha kimya kimya. Akajaribu mkia juu, ukapanda; chini, ukashuka. Kabla hajajaribu kulia na kushoto, mkewe akaita, chakula tayari. Akaridhika, akaenda kula.

Jumamosi asubuhi mama alikuja uwanjani kwa mara ya kwanza, amevaa viatu vyake vyeupe vya kazi. Walimwekea kiti kando ya njia ya kurukia. Mkaguzi wa kikundi, fundi saa mwenye masharubu na maneno mengi, alikuwa akiipima kila ndege kabla ya kuruka.

"Pweza! Leo umemeza dawa? Tumbo safi hivi!" Watu wakacheka, wakasogea kuona. "Haya, juu. Chini. Vizuri. Sasa kulia."

Pweza akasukuma kijiti kulia. Mapezi ya mkia yakageukia kushoto.

"Rudia."

Akarudia. Kushoto vile vile. Ndege hiyo ingepaa vizuri tu, na kwenye kona ya kwanza ingeingia ardhini.

Mkaguzi akainama ndani. "Aha. Lebo inasema mkia kulia, waya umechomekwa tundu la kushoto. Na huu mwingine hivyo hivyo. Nani kaandika lebo hizi na kupanga nyaya?"

"Mimi," mama akajibu kutoka kitini.

"Basi mama, kulia na kushoto zimekupiga chenga!" Hakusema kwa ubaya. Kicheko kikapita kwa waliosimama karibu, kicheko chepesi cha Jumamosi.

Mama hakucheka. Alivua miwani, akaitazama mikono yake, kwanza huu, kisha huu. "Inawezekana," alisema taratibu. "Siku hizi inawezekana kabisa."

Pweza alimtazama. Njia ya kunyamaza ilikuwa wazi na laini mbele yake: anyamaze, abadilishe nyaya, ndege iruke, na hakuna atakayejua. Mama angerudi nyumbani na ushahidi wa pili baada ya sufuria. Hilo ndilo lililomshinda.

"Si yeye," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mama aliandika sawa. Mimi ndiye niliyebadilisha jana bila kumwambia. Nilidhani ameandika kwa mkono wake badala ya mkono wa ndege. Sikuuliza wala sikufungua nyuma. Nilijiona najua."

Mkaguzi alitoa bisibisi mfukoni akafungua kifuniko cha mkiani. Pezi la kulia: MKIA KULIA. Pezi la kushoto: MKIA KUSHOTO. Akakohoa, akamgeukia mama. "Mama, niwie radhi. Aliyepigwa chenga yuko hapa na rimoti yake."

"Kulia ni kulia kwa mgonjwa," mama akasema, na miwani ikarudi puani. "Nesi hana kulia kwake. Ningekosea hapo, watu wangetiwa dawa jicho lisilohusika."

Nyaya zikarudishwa kama lebo zilivyosema. Ndege ikaruka. Ikapinda kulia ilipotakiwa kulia, ikapita juu ya vichwa vyao kwa mlio mwembamba, na baada ya dakika nane ikatua bila hata kuruka ruka. Kwa desturi, mrushaji hukimbilia ndege yake. Pweza aliiacha pale pale majanini, akaenda kuchuchumaa mbele ya kiti.

"Mama, unisamehe. Na ahsante. Bila lebo zako tungekuwa tunaokota vijiti sasa hivi. Nakushukuru kwa dhati."

Machozi yalikuwa yamemlengalenga mama machoni, wala hakujisumbua kuyaficha.

"Miaka thelathini na mmoja nimeandika lebo, baba," alisema. "Ikiwa sawa, hakuna anayeiona. Mgonjwa anapona, anakwenda zake. Hakuna mtu anayerudi kushukuru kwa kosa ambalo halikutokea." Akamshika bega. "Wewe wa kwanza."